Triathloni ya Kwanza: Mwongozo kwa Anayeanza Pwani na Maziwani

Wanaotaka kushiriki triathloni kwa mara ya kwanza huuliza maswali yale yale: kama baiskeli ya mtumba inafaa, kama ni lazima mtu awe mwogeleaji hodari, nguo zinabadilishiwa wapi, na itakuwaje pumzi ikikatika katikati ya maji. Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe. Umeandikwa kwa ajili ya mtu anayeishi mwambao wa Afrika Mashariki au kandokando ya maziwa yetu, ambaye anaweza kukimbia kilomita chache bila kusimama, anajua kuendesha baiskeli, lakini hajawahi kuifanya michezo yote mitatu kwa mfululizo.

Mambo mawili yanauongoza mwongozo huu. La kwanza ni kwamba mashindano ya kwanza ni ya kumaliza, wala si ya kushinda. La pili ni kwamba kuogelea ndiko kunakostahili sehemu kubwa ya maandalizi yako, ingawa siku ya mashindano ndiko kunakochukua muda mfupi kuliko vyote. Mkimbiaji aliyechoka atatembea, na mwendesha baiskeli aliyechoka atashuka akae kando ya barabara; aliyechoka majini hana pa kukaa.

Maelezo machache kuhusu mchezo

Triathloni ni mashindano ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, kwa mpangilio huo, bila saa kusimamishwa. Muda unaoutumia kutoka majini na kuchukua baiskeli, na ule wa kuiweka baiskeli na kuanza kukimbia, wote unahesabiwa. Mchezo wenyewe si wa zamani sana: mashindano ya kwanza yaliyobeba jina hilo yalifanyika San Diego, Marekani, mwezi Septemba 1974, na mchezo ukaingia katika Olimpiki mwaka 2000 mjini Sydney.

Umbali unaotumika sana ni huu:

- Mfupi: kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20, kukimbia kilomita 5.
- Wa Olimpiki: kuogelea mita 1,500, baiskeli kilomita 40, kukimbia kilomita 10.
- Nusu ya umbali mrefu: kuogelea kilomita 1.9, baiskeli kilomita 90, kukimbia kilomita 21.1.
- Mrefu: kuogelea kilomita 3.8, baiskeli kilomita 180, kukimbia kilomita 42.2.

Anza na umbali mfupi. Baadhi ya waandaaji huwa na umbali mdogo zaidi ya huo, wa kuogelea takriban mita 400, na huo pia ni mwanzo mzuri kwa mtu aliyejifunza kuogelea ukubwani. Mashindano ya IRONMAN 70.3, ambayo ni ya umbali wa nusu, yalianza kufanyika Rubavu nchini Rwanda mwaka 2022, na wengi wetu tungependa kuyafikia. Yaache yawe lengo la mwaka wa pili au wa tatu.

Mahitaji kabla ya kuanza

Kwanza ni afya. Ikiwa una shinikizo la damu, pumu, kisukari, ulishawahi kupata maumivu ya kifua au kuzimia ukifanya mazoezi, au umri wako umepita miaka 40 na ulikuwa hufanyi mazoezi, mwone daktari kabla ya kulipa ada ya ushiriki. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2017 uliangalia matukio 135 ya vifo na ya mioyo kusimama ghafla katika triathloni za nchi hiyo tangu 1985 hadi 2016, na 90 kati ya hayo yalitokea wakati wa kuogelea. Matukio haya ni nadra ukilinganisha na idadi ya washiriki, lakini yanatosha kumfanya mtu mwenye busara apime moyo wake mapema.

Pili ni muda. Tenga wiki 12, siku sita kwa wiki, na siku moja kamili ya kupumzika. Kwa kawaida kuogelea kutakuwa mara tatu, baiskeli mara mbili na kukimbia mara mbili, kwa hiyo kuna siku moja utakayofanya michezo miwili.

Tatu ni vifaa, navyo si vingi:

- Miwani ya kuogelea isiyopitisha maji na kofia ya kuogelea yenye rangi kali, kama ya chungwa au njano.
- Baiskeli yoyote nzima yenye breki mbili zinazoshika. Ya mtumba inafaa, na ya milimani yenye matairi manene inafaa pia. Gia ni muhimu ikiwa njia ina vilima.
- Kofia ngumu ya baiskeli isiyo na ufa, ambayo ukiifunga haichezi kichwani. Kifaa hiki hakina mbadala. Bila kofia hutaruhusiwa kuendesha.
- Tyubu ya akiba, pampu ndogo, na vyuma vya kuvulia tairi.
- Viatu vya kukimbilia ulivyokwisha kuvizoea.
- Nguo moja inayobana mwili utakayoivaa tangu majini hadi mwisho: suti ya triathloni ukiipata, au kaptura ya kubana na fulana ya michezo isiyonyonya maji.
- Mkanda wa kubebea namba kiunoni, chupa mbili za maji, taulo dogo na mafuta ya mgando.

Kwa mwanamke anayevaa hijabu, waandikie waandaaji mapema uwaeleze vazi lako, upate jibu la maandishi, kisha ufanye mazoezi yote matatu ukiwa na vazi hilohilo. Jambo la kuangalia ni kitambaa kisichovuta maji mengi na kisicho na ncha inayoweza kunaswa na mnyororo.

Suti nene ya mpira ambayo utaiona katika picha za Ulaya usiinunue kwa mashindano ya pwani. Bahari yetu ina joto, na kanuni huikataza suti hiyo maji yakizidi kiwango fulani cha joto, ambacho kwa washiriki wa kawaida katika umbali mfupi ni nyuzi 22 za Selsiasi.

Hatua kwa hatua

1. Chagua mashindano na uyasome.

Ukishapata tarehe, tafuta majibu ya maswali haya kabla ya kujiandikisha: kuogelea ni katika bwawa, bahari au ziwa, kuna boti na waokoaji wangapi, barabara ya baiskeli imefungwa au magari yanapita, na kuna muda wa mwisho wa kumaliza kila sehemu au hakuna. Mwandaaji asiyeweza kukueleza habari za waokoaji wake usimpe fedha zako.

Ikiwa ni baharini, angalia pia maji. Wakati wa bamvu, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika sehemu za pwani yetu hukaribia mita 4, na pale ulipoogelea asubuhi huwa uwanja wa mchanga na mawe saa sita baadaye. Jedwali la maji la bandari litakuonyesha saa za siku ya mashindano. Mvuvi yeyote wa hapo atakueleza mkondo unavutia wapi saa hizo. Angalia na msimu. Kusi, takriban Aprili hadi Septemba, huleta mawimbi makubwa kuliko yale ya siku tulivu za kaskazi, kwa hiyo mtu aliyejiandaa wakati wa kaskazi akashindane wakati wa kusi atakutana na bahari nyingine kabisa.

2. Jifunze kuogelea kwa utulivu bwawani.

Hapa ndipo utakapokaa muda mrefu. Wengi waliokulia pwani wanajua kuelea na kupiga mbizi, lakini hawajawahi kuogelea mita 200 bila kusimama, na mambo hayo mawili ni tofauti. Tafuta mwalimu kwa wiki nne za kwanza. Fedha za mwalimu zitakufaa kuliko fedha utakazotumia kwa kifaa chochote.

Anza na pumzi. Simama maji yakiwa kifuani, zamisha uso, toa hewa yote polepole kupitia puani na mdomoni hadi iishe, inua uso uvute pumzi, rudia mara 20. Karibu kila anayeanza huizuia pumzi akiwa chini ya maji, kisha anapogeuza kichwa anajaribu kutoa na kuvuta hewa kwa wakati mmoja. Baada ya mita 15 kifua kinambana, naye anadhani hana nguvu. Nguvu anazo, ila hajaitoa hewa ya zamani.

Kisha laza mwili. Tazama chini, si mbele, kwa sababu ukiinua kichwa miguu inazama na unakuwa unaburuta maji. Piga miguu taratibu kutokea nyongani, ukikumbuka kwamba miguu hiyo bado ina baiskeli na mbio mbele yake. Ogelea kwa mtindo huru, ule wa mikono kupishana, kadiri unavyoweza, lakini jifunze vizuri na mtindo wa chura pamoja na kulala chali, kwa kuwa hiyo miwili ndiyo mapumziko yako siku ya mashindano. Kanuni hazimlazimishi mtu kutumia mtindo wowote.

Katika bwawa la mita 25, mita 750 ni kulivuka mara 30. Katika bwawa la mita 50 ni mara 15. Wiki za mwanzo vuka mara moja, pumzika pumzi kumi, vuka tena. Punguza mapumziko kidogo kidogo. Kufikia wiki ya tisa uwe umeweza mita 750 bila kushika ukuta, na kabla ya mashindano uwe umefika mita 1,000 angalau mara mbili, hata kama ni kwa mwendo wa kobe. Usipofikia hapo, badilisha ushiriki wako uende umbali mdogo zaidi au uahirishe. Kuahirisha ni uamuzi wa heshima, na hupaswi kumwonea mtu haya kwa huo.

3. Yazoee maji ya wazi.

Kuanzia wiki ya sita, zoezi moja la kuogelea kwa wiki lifanyike baharini au ziwani. Usiingie peke yako hata siku moja. Nenda na mwenzako anayejua kuogelea kuliko wewe, fungeni maboya madogo ya kuvuta nyuma, mwambieni mtu aliyebaki ufukweni mtarudi saa ngapi, na mwogelee sambamba na ufukwe, pale mnapoweza kusimama, badala ya kuelekea kina kirefu.

Mambo mapya ni mawili. La kwanza, hakuna mstari chini wa kukuongoza. Kila baada ya mikono sita hadi kumi inua macho tu juu ya maji, kama mamba anavyochungulia, tazama alama kubwa iliyo nyuma ya boya, kwa mfano mnara, paa la hoteli au mnazi uliojitenga, kisha rudisha uso majini. Boya lenyewe hufichwa na mawimbi, lakini mnara haufichiki. La pili, utagusana na watu. Mwombe mwenzako aogelee karibu nawe, akuguse miguu, akupite kwa kukubana, hadi mwili uache kushtuka.

Tahadhari ya baharini: vaa viatu vya maji unapoingilia penye miamba, kwa sababu ya wale viumbe wenye miiba mirefu myeusi, na ukiona yavuyavu wengi ahirisha zoezi. Tahadhari ya ziwani: katika maziwa kama Viktoria kuna kichocho, hasa penye maji yaliyotulia na majani ya ukingoni wanamokaa konokono, ingilia penye maji ya wazi, na wiki kadhaa baada ya msimu wako wa mazoezi nenda hospitali ukapime, kwani dawa yake, prazikwanteli, inapatikana na inatibu. Waulize wenyeji kuhusu mamba na viboko, na wakisema hapafai usibishane nao. Radi ikisikika, toka majini.

Anayejiandaa kwa Ziwa Kivu, yanakofanyika yale mashindano ya Rubavu, azingatie kwamba ziwa hilo liko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kwamba maji baridi hayambebi mwogeleaji kama maji ya chumvi. Mtu wa pwani atakayefika huko atahisi pumzi fupi na mwili mzito siku za kwanza.

4. Itengeneze baiskeli na uizoee.

Ipeleke kwa fundi mapema, si siku mbili kabla. Mwambie akague breki, mnyororo, njiti za magurudumu na beringi za pedali, na akupimie urefu wa kiti: ukikaa na kuweka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, goti liwe karibu kunyooka. Kiti kilicho chini sana ndicho chanzo cha maumivu mengi ya magoti. Upepo wa tairi ujazwe kwa kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi lenyewe.

Jifunze kubadilisha tyubu kwa mikono yako mwenyewe. Katika mashindano mengi msaada kutoka kwa mtu wa nje hauruhusiwi, na fundi wa kona ya barabara ni mtu wa nje.

Zoezi moja la wiki liwe fupi lenye kasi, na jingine liwe refu la utulivu, likianzia kilomita 15 na kuongezeka hadi 35. Tumia gia nyepesi, miguu izunguke mara 80 hadi 90 kwa dakika. Kukanyaga gia nzito kunaonekana kama nguvu, lakini hulipwa kwenye mbio. Jizoeze kunywa maji ukiwa unaendesha kwa mkono mmoja. Kwa barabara zetu, toka alfajiri mara tu panapopambazuka, vaa rangi inayoonekana, na uwe macho na matuta, mashimo, na daladala au matatu inayosimama ghafla. Kenya, Tanzania na Uganda utaendesha kushoto na kupita kwa kulia. Ukisafiri kwenda Rwanda, Burundi au Oman, upande unageuka, na jambo hilo lizoee siku moja kabla.

5. Kimbia mara tu ushukapo kwenye baiskeli.

Mara moja kwa wiki, baada ya zoezi refu la baiskeli, vaa viatu ukimbie papo hapo, kwanza dakika 10, baadaye hadi 25. Miguu itakuwa mizito na hatua zitakuwa fupi kwa kilomita ya kwanza, kisha hali itarudi. Anayekutana na hisia hiyo kwa mara ya kwanza siku ya mashindano hudhani ameumia. Mbio nyingine ya wiki iwe ya kawaida, kilomita 5 hadi 8.

Ikiwa wiki zako zinaangukia mwezi wa Ramadhani, punguza urefu, fanya zoezi jepesi karibu na magharibi, na kuogelea kuwe baada ya futari katika bwawa lenye taa na mlinzi. Mazoezi marefu ya baiskeli mchana ukiwa umefunga yaache.

6. Fanya mazoezi ya kubadilisha.

Eneo la kubadilishia ni uwanja uliozungushiwa uzio wenye vyuma vya kutundikia baiskeli, na kila mshiriki ana nafasi yake yenye namba. Si pa kuvulia nguo. Kukaa utupu hukatazwa, na ndiyo maana unavaa nguo moja. Tandika taulo nyumbani au uwanjani, panga vitu kwa mpangilio wa kuvitumia, na rudia hivi mara kadhaa hadi mikono izoee:

Ukitoka majini: vua miwani na kofia ya kuogelea, vaa mkanda wa namba, vaa kofia ngumu na uifunge kishikizo, vaa viatu, ndipo uguse baiskeli. Isukume hadi uvuke mstari wa kupandia uliochorwa chini, kisha panda.

Ukirudi: shuka kabla ya mstari wa kushukia, sukuma baiskeli hadi nafasi yako, itundike, ndipo ufungue kofia. Zungusha namba ije mbele, ondoka.

Kufungua kishikizo cha kofia ukiwa bado umeshika baiskeli ndilo kosa linalowapatia wageni adhabu kuliko mengine niyajuayo, nalo huepukika kabisa.

7. Wiki ya mwisho.

Punguza mazoezi kufikia nusu. Hakuna unachoweza kujenga kwa siku saba, ila unaweza kujichosha. Usinunue viatu vipya wala miwani mipya. Usiku wa kuamkia mashindano kula chakula ulichokizoea, wali au ugali au viazi vitamu, na mafuta kidogo. Pilipili na vyakula vya kukaanga visubiri. Panga vitu vyako vyote usiku huo.

8. Asubuhi ya mashindano.

Kula saa mbili hadi tatu kabla ya kuanza: uji, ndizi mbivu, mkate, kitu ulichokijaribu kabla ya mazoezi. Fika saa moja na nusu kabla ya mashindano kuanza. Weka gia nyepesi, jaza upepo, tundika baiskeli, halafu tembea kutoka mahali pa kutokea majini hadi kwenye baiskeli yako, na kutoka hapo hadi mlango wa kutokea. Hesabu mistari ya vyuma. Baiskeli zote hufanana kwa mtu aliyetoka majini akihema. Jipake mafuta ya mgando shingoni, makwapani na mapajani. Ingia majini kwa dakika tano, zamisha uso, pumua.

9. Majini.

Simama nyuma na pembeni. Honi ikilia, hesabu hadi kumi ukiacha wenye haraka watangulie. Ogelea polepole kuliko unavyotaka kwa mita 200 za mwanzo. Ukichoka, una ruhusa ya kushika boya au mtumbwi wa uokoaji, mradi usiutumie kusonga mbele. Zikibaki mita 50, piga miguu kidogo zaidi ili damu ishuke, na usisimame hadi mikono iguse mchanga.

10. Kwenye baiskeli.

Dakika tano za kwanza ni za kutuliza pumzi. Kunywa kidogo kidogo kila dakika 10 hadi 15. Katika mashindano ya watu wa kawaida kwa umbali mfupi, mara nyingi hairuhusiwi kujikinga upepo nyuma ya mwenzako: acha nafasi ya mita 10, na ukiingia ndani ya nafasi hiyo uwe umempita ndani ya sekunde 20. Vipokea sauti vya masikioni haviruhusiwi. Takataka zitupwe katika maeneo yaliyopangwa tu.

11. Kwenye mbio.

Sisi tuliotoka katika nchi za wakimbiaji hujiamini hapa kupita kiasi. Anza taratibu, na kilomita mbili za mwisho ziwe ndizo za kasi, ikiwa kasi imebaki. Joto la pwani, na unyevu wake unaozuia jasho kukauka, lisidharauliwe. Septemba 2016, kisiwani Cozumel, Mexico, Jonny Brownlee wa Uingereza alikuwa akiongoza mashindano ya dunia zikiwa zimebaki mita mia chache, akaanza kuyumba kwa sababu ya joto. Henri Schoeman wa Afrika Kusini akampita na kushinda, na Alistair, kaka yake Jonny, akamshika na kumkokota hadi mstari wa mwisho. Jonny huyo alikuwa miongoni mwa wanariadha bora duniani. Mwaga maji kichwani kila kituo, tembea ukinywa, na ukihisi baridi au kizunguzungu jua likiwa kali, simama uite msaada.

Tatizo likitokea

Pumzi imekatika majini na hofu imeingia. Geuka ulale chali, panua mikono, toa hewa kwa urefu mara tano. Maji ya chumvi yatakubeba. Hofu ikipungua, endelea kwa mtindo wa chura hadi pumzi irudi. Isipopungua, inua mkono mmoja juu. Waokoaji wapo kwa kazi hiyo, na kuinua mkono hakumaanishi umejitoa.

Miwani imejaa maji au ukungu. Lala chali, iinue, mwaga maji, ibane tena. Kwa ukungu, iteme mate kwa ndani na kuisuuza kabla ya kuanza.

Msuli wa shavu la mguu umekaza majini. Lala chali, vuta vidole vya mguu kuelekea goti, uache kupiga miguu kwa muda.

Mnyororo umetoka. Simama pembeni, sogeza kifaa cha gia cha nyuma kwenda mbele ili mnyororo ulegee, urudishe juu ya meno, zungusha pedali kwa mkono.

Tumbo linasokota kwenye mbio. Mara nyingi umekunywa kinywaji kingi cha sukari kwa wakati mmoja. Tembea dakika moja au mbili, kunywa maji matupu kidogo. Hata hivyo usinywe maji kupita kiu kwa kuogopa joto, kwani maji mengi mno bila chumvi huleta kichefuchefu na kuchanganyikiwa.

Baada ya kumaliza unatetemeka au unaharisha. Kaa kivulini, na unywe taratibu maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, sukari vijiko vidogo 6 na chumvi nusu kijiko kidogo. Ukichanganyikiwa au ukitapika bila kukoma, nenda kwenye hema la huduma ya kwanza mara moja, si nyumbani.

Siku mbili zinazofuata tembea tu au uogelee kwa wepesi. Na jioni hiyohiyo, kabla hujalala, ioshe baiskeli kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ikaushe kwa kitambaa na utie mnyororo mafuta, kwa maana maji ya bahari uliyoipandia nayo huanza kutia kutu usiku uleule.